Mwalimu Anajibu: Lagos, mji uliolelewa na ziwa

Katika toleo lililopita niliandika, katikati ya jibu kuhusu biashara ya watumwa, kwamba Lagos ya Nigeria iliuza watu kabla haijauza mafuta ya mawese. Sentensi hiyo moja imeniletea barua nyingi kutoka Arusha, Moshi, Meru na hata Holili mpakani. Basi ukurasa wote wa leo ni wa Lagos. Barua nimezifupisha, hoja za wenyewe sikuzigusa.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tano, naishi Sanawari, Arusha. Kwenye daftari nimeandika kwamba Lagos iligunduliwa na Wareno mwaka 1472. Rafiki yangu anabisha, anasema mji ulikuwepo kabla. Nani yuko sahihi? Na kwa nini mji ule ulikua kuliko miji mingine ya pwani ile?

Marahaba, mwanangu. Rafiki yako ndiye aliye sahihi. Futa "iligunduliwa" uandike kwamba Rui de Sequeira, Mreno, alipita pwani ile mwaka 1472. Kupita ndiko alikofanya. Wareno waliacha jina kwenye ramani zao, kisha kwa muda mrefu wakashughulika zaidi na mfalme wa Benin (ufalme wa zamani ulio ndani ya Nigeria ya leo, si nchi ya Benin), aliyekuwa mashariki, wakinunua kwake pilipili, pembe na watu.

Wenyeji walikuwepo. Waawori, ambao ni Wayoruba, wavuvi na wakulima, waliteremka kutoka Isheri kwenye mto Ogun wakakaa Iddo, kisiwa kidogo karibu na bara. Kutoka hapo wakavuka kwenda kisiwa kikubwa kilicho mbele yake, wakalima pilipili. Wao waliuita mji wao Eko, na Wayoruba wanauita hivyo hadi leo. Ikulu ya Oba, yaani mfalme, wa Lagos, Iga Idunganran, iko mahali palipokuwa shamba hilo la pilipili. Katika karne ya 16 majeshi ya Benin yakaja kwa mitumbwi na kupiga kambi kisiwani. Mwaka 1603 tabibu Mjerumani, Andreas Josua Ulsheimer, alifika na meli ya Waholanzi akaukuta mji wenye boma, umejaa askari wa Benin, na wafanyabiashara wakiingia kwa maji na kwa nchi kavu. Hata ukoo wa Oba ulipojiimarisha, uliendelea kupeleka kodi Benin vizazi na vizazi. Lakini ardhi yenyewe ilibaki mikononi mwa machifu wa asili wanaovaa kofia nyeupe, wanaoitwa Idejo. Jina hilo liweke akilini, nitalirudia nikimjibu mzee wa Meru.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo kubwa. Fungua atlasi yako, uifuate pwani kutoka mdomo wa mto Volta kwenda mashariki. Utaona ukanda wa mchanga ulionyooka. Hakuna ghuba kama ya Tanga, hakuna mkono wa bahari kama Kilindini. Mawimbi ya Atlantiki yanapiga pale usiku na mchana, na meli ya zamani ikisogea karibu ilikuwa inatafuta kuvunjika. Ila nyuma ya ukanda huo kuna maji mengine, matulivu: maziwa ya pwani yaliyoungana kwa mikono na vijito, marefu kiasi kwamba mtu wa Badagry aliweza kupiga kasia hadi Lagos na kuendelea hadi nchi ya Waijebu bila kuigusa bahari. Mito inayotoka nchi ya Wayoruba inamwaga humo humo. Na kwa mwendo mrefu sana ukuta ule wa mchanga una mlango mmoja tu ambao haufungi mwaka mzima. Mlango huo uko Lagos.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu watu husema "mji wa bandari" wakafikiri bahari ndiyo iliyoulea. Bahari ya Lagos ilikuwa adui. Ziwa ndilo lililoleta samaki, mahindi, nguo za Ijebu, mafuta ya mawese, na kwa bahati mbaya likaleta mateka pia.

Kwa mateka nitakaa kidogo, maana vitabu vyenu vinapita hapo mbio. Inasimuliwa kwamba Oba Akinsemoyin, katika karne ya 18, ndiye aliyewakaribisha wafanyabiashara wa Kireno wa watumwa waliotoka Brazil. Kwa muda Lagos ilibaki nyuma ya Ouidah, bandari nyingine ya watumwa upande wa magharibi. Kisha mambo mawili yakakutana. Dola ya Oyo, iliyokuwa imetawala bara lile, ikaanza kubomoka, vita vya Wayoruba kwa Wayoruba vikawaka na kutoa mateka bila kikomo. Wakati huo huo biashara katika bandari jirani ikavurugika. Kufikia miongo ya mwanzo ya karne ya 19, Lagos ilikuwa bandari kuu ya watumwa kaskazini mwa ikweta. Wengi walipelekwa Bahia, Brazil, wengine Cuba.

Mmoja wa mateka hao tunajua alichopitia kwa sababu alikiandika mwenyewe. Ajayi alitekwa mwaka 1821 kijijini kwao Osogun akiwa mtoto, akauzwa na kuuzwa tena hadi akafika Lagos, akauzwa kwa Wareno. Aprili 1822 meli iliyombeba ilikamatwa na manowari ya Waingereza, akateremshwa Freetown, Sierra Leone. Huko alisoma, akabatizwa jina la Samuel Crowther, na mwaka 1864 akawa askofu wa Kianglikana. Alitafsiri Biblia kwa Kiyoruba. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891, katika mji uleule alikouzwa. Wanafunzi wangu niliwahimiza wamsome pamoja na historia ya Freretown ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya walioachiwa huru wa upande wetu. Ni jambo moja lililotokea kwenye bahari mbili, na mtahini akikuletea swali la kulinganisha utakuwa na la kusema.

Waingereza waliingiaje? Kulikuwa na ugomvi wa ukoo. Akitoye alitawazwa mwaka 1841, mpwa wake Kosoko akampindua mwaka 1845, Akitoye akakimbilia Badagry na kuwaahidi Waingereza kwamba akirudishwa atakomesha uuzaji wa watumwa. Wamisionari walimuunga mkono. Crowther mwenyewe alikwenda Uingereza mwaka 1851 akakutana na Malkia Victoria. Novemba mwaka huo Waingereza walishambulia Lagos wakarudishwa nyuma. Wakaja tena tarehe 26 na 27 Desemba na meli nyingi zaidi. Mizinga ya Kosoko na magogo aliyoyachimbia ufukweni yaliwapa taabu kubwa, lakini sehemu kubwa ya mji iliungua, naye akatorokea Epe. Akitoye alitia saini mkataba tarehe 1 Januari 1852. Miaka 9 baadaye mwanawe Dosunmu aliambiwa aikabidhi nchi yenyewe. Alikataa. Manowari Prometheus ikageuzia mizinga yake mjini, na tarehe 6 Agosti 1861 akatia saini.

Mtihani ukikuuliza kama Waingereza walikwenda kukomesha utumwa au kutafuta mafuta ya mawese, usichague moja. Kulikuwa na watu waliouchukia utumwa kwa moyo wote, Crowther akiwa wa kwanza kwa sababu aliuonja. Kulikuwa pia na viwanda vya sabuni na mashine zilizotaka mafuta, na wafanyabiashara waliotaka mlango wa ziwa uwe mikononi mwao. Walipanda meli moja.

Mwalimu, mimi ni muuza vitenge soko la Kiusa, Moshi. Mteja wangu mmoja alisema simbi za Zanzibar, haya makombe madogo ya baharini, zilikuwa pesa huko Lagos. Ni kweli au ni maneno ya sokoni?

Ni kweli tupu, dada yangu, na ninafurahi umeuliza maana huku kwetu jambo hili halisemwi vya kutosha.

Simbi zilitumika kama fedha Afrika Magharibi kwa karne nyingi. Za kwanza zilitoka visiwa vya Maldives, ndogo na nyeupe. Zilihesabiwa kwa utaratibu: simbi 40 ni utungo mmoja, tungo 50 ni kichwa kimoja, yaani 2,000, na vichwa 10 ni mfuko mmoja, yaani simbi 20,000. Wanawake wa sokoni waliweza kuhesabu mafungu haya kwa kasi ya kushangaza.

Katika miaka ya 1840 makampuni ya Hamburg, Ujerumani, yakagundua kwamba pwani yetu ina simbi za aina nyingine, kubwa kidogo, zenye pete ya rangi ya chungwa mgongoni. Hapa hazikuwa na bei. Kule, watu wa Lagos na miji jirani walikubali kuzipokea. Kampuni ya O'Swald, iliyokuwa na nyumba ya biashara Zanzibar, ilizipakia melini kama shehena, ikazunguka nazo Rasi ya Tumaini Jema, ikazibadilisha Lagos kwa mafuta ya mawese, na mafuta yakaenda Hamburg. Makombe yaliyookotwa kwenye miamba ya pwani ya Waswahili maji yakitoka, kwa ujira mdogo, yakawa mshahara, mahari na bei ya chakula upande wa pili wa Afrika.

Wewe mfanyabiashara unajua kilichofuata. Pesa inayoweza kuokotwa na kuletwa kwa meli nzima nzima haiwezi kushika thamani yake. Kila meli iliyoshusha simbi ilipunguza nguvu ya zile zilizokuwa tayari kwenye mitungi ya watu. Mjane aliyeweka akiba ya mifuko mitatu ya simbi alikuta baada ya miaka inanunua nusu ya ilichonunua zamani, wala hakuna aliyemwibia. Na mifuko ilikuwa mizito. Mmoja ulitosha kumlemea mpagazi. Ikafika mahali kusafirisha pesa kwenda sokoni kukala sehemu ya pesa yenyewe. Sarafu za Waingereza zilipoingia, simbi zilikuwa zimekwisha kuchoka.

Kuna hesabu moja inayonikera. Dosunmu alipotia saini ile karatasi ya mwaka 1861, aliahidiwa pensheni ya mifuko 1,200 ya simbi kwa mwaka. Zidisha kwa 20,000, ni simbi milioni 24. Ukisikia milioni 24 unadhani ni utajiri. Lakini alilipwa kwa kipimo cha pesa iliyokuwa ikishuka mbele ya macho yake, na waliomwandikia mkataba ndio waliokuwa na meli.

Uliongeza mwishoni mwa barua kama kulikuwa na wanawake wakubwa kibiashara. Alikuwepo Efunroye Tinubu, aliyefanya biashara ya chumvi, tumbaku na mafuta, akawa na nguvu hata balozi mdogo wa Uingereza akamfukuza mjini mwaka 1856. Alihamia Abeokuta na huko akawa mkubwa zaidi. Uwanja wa Tinubu katikati ya Lagos umebeba jina lake. Ila aliuza watu pia. Siwezi kukusimulia ushujaa wake nikaficha hilo.

Mwalimu, mimi ni wakala wa forodha hapa Holili. Wakongwe wa kazi yetu wanasimulia kwamba Lagos iliwahi kuzibwa na meli za saruji. Ilikuwaje?

Kaka, ili uelewe saruji lazima uanze na mchanga.

Mlango ule nilioueleza juu haukuwa na kina. Fungu la mchanga lilikaa mdomoni, likihama kila msimu, na mawimbi yakivunjika juu yake. Meli kubwa zilitia nanga nje baharini. Abiria aliteremshwa ndani ya kikapu cha mbao kinachoning'inia kwenye winchi hadi kwenye mashua iliyokuwa ikipanda na kushuka. Mizigo mingi ilipelekwa kwanza Forcados, mbali mashariki, ikahamishiwa kwenye meli ndogo zinazoweza kuvuka fungu. Hebu fikiria kodi, muda na uharibifu: kila gunia kushushwa na kupakiwa mara mbili kabla halijaona ghala.

Reli ndiyo iliyolazimisha jambo. Ilianza kujengwa mwaka 1896 kutoka Iddo, ikafunguliwa hadi Ibadan mwaka 1901, na karibu na wakati ule ule reli ya Tanga ilipofika hapa Moshi, mwaka 1911, ile ya Lagos nayo ilikuwa inafika Kano, ng'ambo ya mto Niger. Karanga na pamba za kaskazini zikaanza kuteremka kwa mabehewa. Haina maana kuleta treni nzima ya karanga mpaka ufukweni halafu uzivushe kwa mashua. Kwa hiyo Waingereza walijenga kuta ndefu za mawe zinazoingia baharini pande mbili za mlango, ili maji ya ziwa yatoke kwa nguvu na kuusukuma mchanga. Kazi ilianza miaka michache kabla ya vita ya kwanza, na mwaka 1914 meli kubwa za baharini zikaanza kuingia. Gati nne za kina za Apapa zikamalizika mwaka 1926.

Kuta zile zilikuwa na gharama ambayo haikuandikwa kwenye bajeti. Pwani ile mchanga husafiri kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukuta ulipouzuia upande mmoja, ufukwe wa upande wa pili, Victoria, ulinyimwa mchanga wake na bahari ikaanza kuula, mwaka hadi mwaka, kwa karibu karne nzima. Eko Atlantic, mji mpya unaojengwa sasa juu ya mchanga uliomwagwa baharini nyuma ya ukuta mrefu wa mawe, umesimama mahali bahari ilipokuwa imeuchukua ufukwe huo.

Sasa saruji. Bei ya petroli ilipopanda baada ya mwaka 1973, Nigeria ikawa na fedha nyingi kwa ghafla. Serikali ya Jenerali Gowon ilitaka kujenga kambi, barabara na nyumba kwa mara moja. Wizara na idara ziliagiza saruji kila moja kivyake, nyingi ikiwa ya wizara ya ulinzi, hadi jumla ikafika takriban tani milioni 20, zifike ndani ya kipindi cha mwaka mmoja hivi. Bandari iliweza kushusha kama tani milioni 1 ya saruji kwa mwaka. Kufikia katikati ya 1975 mamia ya meli yalikuwa yametia nanga nje ya Lagos yakisubiri zamu.

Wewe unaijua tozo ya kuchelewesha meli. Mikataba ilisema serikali italipa kila siku meli inaposubiri. Basi zikaletwa meli kuukuu ambazo faida yake haikuwa kushusha bali kukaa. Saruji ikashika unyevu na kuganda humo humo ndani ya mashimo ya meli. Meli za chakula na dawa nazo zikakaa kwenye foleni. Gowon alipinduliwa Julai 1975, serikali mpya ikasimamisha mikataba, na kesi zake zikafika mahakama za Ulaya. Bandari ya pili, Tin Can Island, ilijengwa haraka ikafunguliwa mwaka 1977.

Makosa hayo hayakutoka baharini. Yalitoka kwenye meza za maofisini, ambako kila mtu alitia saini oda yake bila kumuuliza mtu wa bandari anaweza kupokea kiasi gani. Nakuandikia hili kwa uzito kwa sababu wewe na wenzako ndio mnaojua uwezo halisi wa geti lenu, na nchi inayoagiza bila kuwasikiliza watu wa getini inalipa.

Mwalimu, ninaandika kutoka Poli, Meru. Mimi ni mzee sasa. Nilikuwa mtoto Waingereza walipotuhamisha Engare Nanyuki mwaka 1951. Nataka kujua: ilipojengwa bandari ya Lagos, wenye ardhi walipata nini?

Shikamoo, mzee wangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya zote.

Gati za Apapa zilihitaji ardhi, na ardhi ya Apapa ilikuwa chini ya Chifu Oluwa, mmoja wa wale Idejo wa kofia nyeupe niliowataja. Jina lake ni Amodu Tijani. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni iliichukua ardhi hiyo kwa matumizi ya umma. Chifu alidai fidia kamili kwa niaba ya watu wake. Mahakama ya Lagos ikasema hapana, chifu hana umiliki, ana haki ya kusimamia tu, na mwenye mali ni Serikali ya Mfalme kwa kuwa Dosunmu alikwisha kuitoa nchi mwaka 1861.

Hakukubali. Mwaka 1920 alipanda meli kwenda London kukata rufaa kwenye Baraza la Mfalme, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni. Alifuatana na Herbert Macaulay, mpima ardhi aliyejua kila kiwanja cha Lagos, mjukuu wa yule Askofu Crowther. Mwaka 1921 hukumu ikatoka: ardhi ni mali ya jamii, mkataba wa 1861 haukufuta haki za wenyeji, na fidia ilipwe kama kwa mmiliki kamili. Ni hukumu ambayo mawakili wa nchi nyingi wameitumia tangu hapo.

Serikali haikusahau. Macaulay alikuwa amebeba London fimbo ya Oba Eshugbayi, anayeitwa Eleko, na magazeti ya huko yakamwandika Eleko kama mfalme wa Wanigeria wote. Gavana akamtaka Eleko akanushe hadharani. Alikataa kumdhalilisha Macaulay, akakatiwa posho, na mwaka 1925 akahamishiwa Oyo kwa nguvu. Watu wake wakaenda mahakamani tena, wakapanda hadi London tena. Mwaka 1931 baraza lile lilisema gavana hawezi kumfunga wala kumhamisha mtu kwa amri tu, lazima aithibitishie mahakama kwamba sheria inamruhusu. Eleko akarudi nyumbani.

Mzee, wewe unajua kwa nini habari hii inanigusa. Kirilo Japhet wenu alisafiri hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952, na wakili aliyesimama naye, Earle Seaton, alikuwa akifanya kazi hapa Moshi. Oluwa alikuwa na mkataba wenye saini na mahakama ya kuukatia rufaa. Wameru hawakuwa na karatasi ya namna hiyo, walikuwa na udhamini wa Umoja wa Mataifa, wakaenda kwa mdhamini. Baraza Kuu lilipopiga kura, azimio la kuwaunga mkono halikufikia theluthi mbili. Ilikuwa dhuluma, na haikuwa kwa sababu ya udhaifu wa hoja yenu. Baba zenu walichangishana fedha shilingi kwa shilingi kumpeleka mtu akaseme mbele ya dunia, kama watu wa Lagos walivyosimama nyuma ya Oluwa. Ningependa wajukuu zenu wafundishwe kesi zote mbili katika somo moja.

Mwalimu, nina mgahawa Majengo, Moshi. Nimeambiwa kuna Wabrazili weusi Lagos na wana chakula chao. Ni kina nani?

Ni wajukuu wa waliouzwa, mama. Baadhi ya Waafrika walijinunua uhuru huko Brazil. Wengine walifukuzwa Bahia baada ya uasi wa watumwa Waislamu mwaka 1835. Wakarudi, wakakaa pamoja kisiwani, wanaitwa Aguda. Walikuwa waashi, maseremala na washonaji hodari. Msikiti wa Shitta-Bey, uliofunguliwa mwaka 1894, ulijengwa na mwashi wao João Baptista da Costa, Mkristo aliyewajengea Waislamu. João Esan da Rocha alijenga mtaa wa Kakawa nyumba iliyoitwa Nyumba ya Maji, kwa kuwa ilikuwa na kisima na maji yaliuzwa hapo.

Chakula chao cha Ijumaa Kuu ni frejon. Nilikipata Arusha, kwa mwanamke wa Lagos niliyekuwa nikimfundisha Kiswahili. Chemsha maharage hadi yalainike kabisa, yaponde na uyachuje, rudisha jikoni na tui zito la nazi na sukari, koroga hadi yawe mazito, wengine hutia karafuu. Huliwa na mchuzi wa samaki wenye pilipili. Weka sukari kidogo kuliko unavyoambiwa, wateja wako wa Majengo watakushukuru.

Mwalimu, mwanangu wa darasa la sita ameandika Lagos ni mji mkuu wa Nigeria, akakoseshwa. Mzazi, Himo.

Amekoseshwa kwa haki. Ilikuwa mji mkuu tangu Nigeria ilipounganishwa mwaka 1914 hadi tarehe 12 Desemba 1991, serikali ilipohamia Abuja. Uamuzi ulipitishwa Februari 1976, Lagos ikiwa imebanana kwenye visiwa vyake. Bandari haikuhama. Januari 2023 ilizinduliwa nyingine, Lekki, mashariki ya mji, yenye kina cha mita 16.5. Hiyo imejengwa usoni mwa bahari yenyewe, na meli zake hazipiti tena kwenye mlango wa ziwa.